Asili ya mtu na asili ya sehemu: wanawake weusi wa Marekani na saratani za uzazi

Shuleni tulifundishwa kwamba sehemu ina namba mbili: ya juu inaitwa kiasi, ya chini inaitwa asili. Neno asili tunalitumia pia kwa ukoo na chimbuko la mtu, na sijaona mahali ambapo maana hizo mbili zimepigana vikumbo kama katika utafiti wa saratani za uzazi nchini Marekani. Kwa miaka mingi, waliojiuliza kwa nini saratani ya mji wa mimba inawamaliza wanawake weusi kuliko weupe walitazama asili ya mtu: damu, jeni, nasaba. Kumbe kipande kizuri cha jibu kilikuwa kimekaa kwenye asili ya sehemu, chini ya mstari, ambako wachache walikuwa wanaangalia.

Kwanza ukubwa wa jambo lenyewe. Saratani inayoanzia kwenye utando wa ndani wa kizazi ndiyo inayoongoza kati ya saratani za viungo vya uzazi vya wanawake wa Marekani. Kwa mwaka 2024, Jumuiya ya Saratani ya Marekani ilikadiria wagonjwa wapya wa saratani ya mji wa mimba 67,880 na vifo 13,250. Saratani nyingi nyingine zinaua watu wachache kuliko zamani, hii inapanda. Kwa wanawake weupe, kiwango cha kuishi miaka mitano baada ya ugonjwa kugundulika ni kama 84%. Kwa weusi ni kama 63%. Ukipanga saratani zote kwa upana wa pengo kati ya weusi na weupe, hii ni miongoni mwa zilizo juu ya orodha.

Maelezo ya zamani yalikuwa mepesi: huu ni ugonjwa wa wanawake weupe hasa, weusi wanaupata kwa nadra, ila wakiupata unakuwa mkali. Takwimu zilionekana kuunga mkono. Sajili za saratani zilionyesha kwa miongo kadhaa kwamba viwango vya kuugua kwa weusi viko chini ya vile vya weupe. Hapo ndipo hesabu ya darasani inapoingia.

Tuchukue mji wa kubuni wenye wanawake 1,000 weusi na 1,000 weupe, wote wa rika moja. Katika kila kundi wamepatikana wagonjwa 10 wa saratani ya kizazi. Kumi kwa elfu, kumi kwa elfu, ngoma droo. Sasa ongeza jambo moja: wanawake 400 kati ya wale weusi, na 200 kati ya wale weupe, walishafanyiwa upasuaji wa kuondoa kizazi. Asiye na kizazi hawezi kuugua saratani ya kizazi, kwa hiyo hana sababu ya kuhesabiwa chini ya mstari. Gawanya upya: 10 kwa 600, na 10 kwa 800. Kwa kila wanawake 1,000 wenye kizazi, weusi wanaougua ni karibu 17, weupe ni 12 au 13. Wagonjwa ni walewale. Kilichobadilika ni asili.

Na hali halisi ya Marekani inafanana na mji huo wa kubuni kwa jambo moja la msingi: wanawake weusi huondolewa kizazi mara nyingi zaidi kuliko weupe. Sababu kubwa ni faibroidi, ule uvimbe wa kizazi usio saratani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba wanapofikia miaka 50, zaidi ya 80% ya wanawake weusi wana faibroidi, na kwa weupe ni karibu 70%. Kwa weusi uvimbe huo huanza mapema na hukua mkubwa zaidi. Kuna pia sababu isiyopendeza kutajwa. Mwaka 1961 Fannie Lou Hamer, aliyekuja kuwa mmoja wa wapigania haki wakubwa wa jimbo la Mississippi, aliingia hospitali kuondolewa uvimbe akatoka bila kizazi, bila kuulizwa. Kufunga uzazi kwa nguvu kulikuwa kumezoeleka huko kiasi kwamba kulipewa jina la utani. Sisemi kwamba takwimu za leo zimetokana na dhuluma hiyo. Nyingi zinatokana na faibroidi. Lakini mwanamke kama Hamer, kwenye vitabu vya takwimu, aliendelea kuhesabiwa maisha yake yote kama mtu mwenye kizazi ambacho hakikuugua.

Kosa hilo lilipata namba zake mwaka 2017, kwa saratani ya shingo ya kizazi. Watafiti walichukua vifo vya mwaka 2000 hadi 2012 na kuwatoa chini ya mstari wanawake waliokwisha kuondolewa kizazi. Kabla ya kusahihisha, vifo kwa wanawake weusi vilikuwa 5.7 kwa kila wanawake 100,000, na kwa weupe 3.2. Baada ya kusahihisha: 10.1 na 4.7. Hakuna maiti hata moja iliyoongezeka, ila pengo lililodhaniwa linajulikana likawa pana zaidi. Kwa mji wa mimba ikawa hivyohivyo, tena kwa kishindo zaidi. Takwimu zilizosahihishwa zilionyesha kwamba wanawake weusi hawaugui kidogo, na kwamba katika miaka ya karibuni wamewapita weupe. Katika vifo vya 2010 hadi 2017, weusi walifika 31.4 kwa kila 100,000, takribani mara mbili ya makundi mengine. Yale maelezo mepesi ya ugonjwa wa weupe yakaanguka.

Kipimo cha pili kilichopinda kipo kwenye chumba cha ultrasaundi.

Mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi anaona damu. Ni matone tu, pengine doa kwenye nguo. Takribani wagonjwa tisa kati ya kumi wa saratani hii huanza hivyo, na hiyo ni bahati ya aina yake, kwa sababu saratani chache hupiga hodi mapema kiasi hicho. Anapofika kwa daktari, kipimo cha kawaida ni ultrasaundi ya kupitia ukeni. Kwenye kioo utando wa kizazi unaonekana kama mstari mweupe uliozungukwa na kijivu. Mpimaji anaweka alama ya msalaba upande mmoja wa mstari, nyingine upande wa pili, na mashine inatoa unene kwa milimita. Ukiwa 4 au chini ya hapo, mwongozo uliotumika kwa miaka mingi unaruhusu mgonjwa arudi nyumbani bila kukatwa kipande kidogo cha utando kwa uchunguzi wa maabara. Ahadi ilikuwa kwamba kati ya wanaorudishwa, zaidi ya 99% hawana saratani.

Ahadi hiyo ina matatizo mawili, na yote yanawaangukia zaidi wanawake weusi. La kwanza ni faibroidi. Kizazi chenye uvimbe hujipinda, uvimbe hutupa kivuli, na ule mstari mweupe unakatika au unapotea. Mpimaji anaweka misalaba yake pale anapoona, si lazima pale unapostahili kupimwa. La pili ni aina ya saratani. Ile ya kawaida, inayolishwa na homoni ya estrojeni, hunenepesha utando kabla ya kugeuka, kwa hiyo rula inaikamata. Aina kali, hasa ile inayoitwa ya sirasi, inaweza kuota juu ya utando uliosinyaa, mwembamba kama wa mwanamke yeyote wa umri huo. Unapima unene wa kitu ambacho hakijanenepa.

Rula ya milimita 4 ilitokana na tafiti za wanawake ambao wengi wao walikuwa weupe, wengi wa Ulaya. Daktari Kemi Doll wa Chuo Kikuu cha Washington, bingwa wa saratani za wanawake, aliamua na wenzake kuijaribu. Mwaka 2021 walichapisha matokeo ya kundi lililotengenezwa ndani ya kompyuta, likipewa viwango vya faibroidi na aina za saratani kama vilivyo nchini. Kwa mpaka huo wa milimita 4, kipimo kilikosa saratani kwa wanawake weusi zaidi ya mara nne ya kilivyokosa kwa weupe. Kompyuta ni kompyuta, na wenye mashaka walikuwa na haki ya kusubiri. Mwaka 2024 timu hiyo ikaleta watu halisi: weusi 1,494 waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa kizazi, 210 kati yao wakiwa na saratani. Zaidi ya mmoja kati ya kumi wa hao 210 alikuwa na utando usiofika milimita 5.

Msomaji makini atauliza: ile 99% ilitoka wapi basi? Ilitoka kwenye ukweli kwamba wengi wanaotokwa damu baada ya kukoma hedhi hawana saratani. Tuseme wanawake 100 wamekuja, 9 wanaugua, na kipimo kinamkosa mmoja. Wakirudishwa nyumbani 50, mmoja kati yao ni mgonjwa, na kituo kinaweza kusema kwa fahari kwamba kimepatia kwa 98%. Asilimia hiyo inamsifu zaidi umma wenye afya kuliko mashine. Kwa yule mmoja haina maana yoyote, na hesabu ikirudiwa kwenye kundi ambalo mashine inakosa zaidi, huyo mmoja anakuwa wawili au watatu. Ndiyo sababu Doll na wenzake wanashauri kwamba kwa mwanamke mweusi mwenye dalili, kipande cha utando kikatwe na kuchunguzwa badala ya kutegemea unene wake.

Sasa asili ya mtu. Sitaki kujifanya haipo. Aina kali za saratani ya mji wa mimba zinawapata zaidi wanawake weusi. Mwaka 2013 mradi mkubwa wa kusoma jeni za saratani uligawa ugonjwa huu katika makundi manne, na kundi lenye matokeo mabaya zaidi, ambalo mara nyingi jeni ya TP53 imeharibika, ndilo linaloonekana zaidi kwa weusi. Kwa nini iwe hivyo? Hapo bado kuna kazi. Lakini aina ya saratani haimalizi hesabu: ukiwalinganisha wanawake wenye aina ileile, waliogundulika katika hatua ileile, weusi bado wanakufa zaidi.

Na hapa kuna mtego ambao nimeuona katika makala nyingi za kitaalamu. Mtafiti anachukua tofauti ya vifo, anaondoa mchango wa hatua ya ugonjwa, anaondoa bima, anaondoa tiba, kisha kile kinachobaki anakiita baiolojia. Kilichobaki ni kilichobaki tu. Ndani yake inaweza kuwemo jeni, na pia vyote ambavyo faili la hospitali haliandiki: mara ngapi mgonjwa aliambiwa damu hiyo ni ya faibroidi, daktari gani alimpasua, alisafiri umbali gani, dozi ngapi zilipunguzwa. Upande wa pili wa mtego ni mbaya vilevile. Hatua ya ugonjwa haidondoki kutoka mbinguni. Huenda mtu amefika hatua ya tatu kwa sababu alirudishwa nyumbani mwaka uliopita. Ukilinganisha hatua ya tatu na hatua ya tatu, ule mwaka uliopotea umeufuta kwenye hesabu, halafu unashangaa kwamba ucheleweshaji hauonekani.

Isitoshe, neno mweusi kwenye sajili ya saratani limenakiliwa kutoka faili la hospitali. Linamfunika mtu ambaye mababu zake waliletwa kwa meli za watumwa karne tatu zilizopita, mhamiaji kutoka Haiti, na mwanafunzi aliyetua juzi kutoka Lagos. Hata upande wa pili mambo ni hayohayo: kundi la weupe linawafunika Wayahudi wa Ashkenazi, ambao takribani mmoja kati ya 40 hubeba kasoro katika jeni za BRCA zinazoongeza hatari ya saratani ya ovari. Na wanawake wa visiwa vya Pasifiki, wenye viwango vya juu vya saratani ya mji wa mimba, kwa muda mrefu walichanganywa na Waasia, wakapotelea kwenye wastani wao. Rangi ni jina la namna jamii inavyomshika mtu. Jeni zinafuata jina hilo kwa mbali sana.

Ushahidi ninaouona kuwa mzito kuliko wote kuhusu hili unatoka kwenye ovari. Wanawake weusi wa Marekani wanapata saratani ya ovari kwa kiwango cha chini kuliko weupe. Katikati ya miaka ya 1970, walioipata waliishi zaidi pia: kiwango cha kuishi miaka mitano kilikuwa 42% kwa weusi na 35% kwa weupe. Wagonjwa weusi waliosajiliwa miaka hiyo hawakuwa wengi, kwa hiyo usiing'ang'anie ile 42 kama msumari. Lakini tazama mwelekeo. Kwa waliogundulika kati ya 2006 na 2012, weupe walikuwa wamepanda hadi 46%, weusi wameshuka hadi 38%. Nasaba haibadiliki kwa miaka 30. Kilichobadilika katikati ni tiba: upasuaji wa kusafisha tumbo unaohitaji bingwa, dawa za jamii ya platinamu, kisha taksani. Tafiti kadhaa za California zilionyesha kwamba wanawake weusi walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata upasuaji na dawa kwa namna miongozo inavyotaka. Tiba bora ilipofika, ilifika upande mmoja kwanza.

Hata anayeipata dawa anaweza kuipata pungufu, na hapa asili mbili zinashikana mikono. Kabla ya kila mzunguko wa kemotherapi hupimwa seli nyeupe za damu ziitwazo nyutrofili. Zikiwa chini ya kiwango kilichowekwa, mara nyingi 1,500 kwa kila maikrolita, dozi inaahirishwa au kupunguzwa. Sasa, takribani theluthi mbili ya Wamarekani weusi wana hali ya kurithi inayoitwa Duffy tupu: chembe nyekundu zao hazina alama fulani ambayo vimelea vya malaria aina ya vivax huitumia kama mlango. Ni urithi wa Afrika Magharibi, na ulikuwa ngao. Mwenye hali hiyo huwa na nyutrofili chache zaidi kwenye kipimo cha damu akiwa mzima kabisa, bila kuugua maambukizi zaidi ya wengine. Mashine inasoma namba, daktari anaahirisha dozi, saratani haiahirishi chochote. Mpaka huohuo huweza kumzuia kuingia kwenye majaribio ya dawa mpya, ambayo tayari yana washiriki weusi wachache. Tofauti ya jeni ipo, ndiyo. Lakini kinachomuumiza mgonjwa ni mstari uliochorwa kwa kuwapima watu wengine.

Baada ya yote hayo, sitakaa sana kwenye dawa za kunyoosha nywele, ingawa ndizo zilizopata vichwa vikubwa vya habari. Oktoba 2022 watafiti wa taasisi ya serikali inayoshughulikia afya na mazingira walichapisha matokeo ya wanawake 33,497 waliofuatiliwa kwa karibu miaka 11, ambapo 378 walipata saratani ya mji wa mimba. Kwa wasiotumia dawa hizo, hatari ya kuipata kabla ya miaka 70 ilikadiriwa kuwa 1.64%, kwa waliozitumia zaidi ya mara nne kwa mwaka, 4.05%. Ni zaidi ya maradufu, na bado wanawake 96 kati ya 100 hawakutarajiwa kuipata. Kufuatilia watu hakuthibitishi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha. Jambo la kuangaliwa ni hili: uhusiano ule haukutofautiana kati ya weusi na weupe. Tofauti ilikuwa kwa watumiaji, maana karibu 60% ya waliosema wamezitumia walikuwa weusi. Ni mwili uleule, ila kemikali imemfikia zaidi mmoja kuliko mwenzake, na anayepaswa kuulizwa sababu ni yule aliyeamua nywele gani zinafaa ofisini.

Turudi chini ya mstari, kwa sababu kuna jambo sikulisema. Watafiti wale wa 2017 walijuaje nani ana kizazi na nani hana? Sajili ya saratani haijui. Inamwandika mgonjwa, haiwajui wazima. Walitumia utafiti wa simu unaoendeshwa na mamlaka za afya za Marekani, ambapo mtu anapigiwa simu na kuulizwa maswali ya afya: unavuta sigara, unafanya mazoezi, na kwa mwanamke, umewahi kuondolewa kizazi? Ndiyo au hapana. Masahihisho yote niliyoyaeleza yamesimama juu ya jibu hilo. Swali haliulizi kama shingo ya kizazi iliachwa au iliondolewa pamoja, jambo ambalo kwa saratani ya shingo hubadilisha kila kitu. Kwa hiyo hata ile 10.1 ni makadirio, na wanawake walioondolewa kizazi ila shingo ikaachwa wametolewa chini ya mstari, ilhali walistahili kubaki hapo.